Ule mchoro kwenye tamthilia ya upelelezi: nani aliubadilisha?

Binti wa Njiro: Wadau, naombeni msaada na ile tamthilia ya Jumatano usiku. Tajiri anapeleka mchoro wake kwa fundi wa kukarabati. Unarudi, unaibiwa, polisi wanaupata, mtaalamu anasema ni feki. Hapa nyumbani wote tulisema fundi kaubadilisha. Ghafla mpelelezi anamkamata tajiri mwenyewe! Kwa nini?

Mangi wa Rau: Dada, hakuna aliyeubadilisha. Ulikuwa feki tangu tajiri auziwe. Fundi aliligundua hilo kwa ile rangi nyeupe ya kisasa, akamwambia. Tajiri akapanga wizi ili bima imlipe kabla siri haijatoka. Ndiyo maana mwizi alijua namba za geti.

Mzee wa Kijenge: Kisa cha rangi nyeupe ni cha kweli, kuna Mjerumani alifungwa kwa hilo, jina limenitoka. Ila mnahangaikia ya Ulaya ya nini? Hapa Arusha picha za tingatinga, zile za wanyama zenye rangi kali, zote wanazouziwa watalii ni feki, na hakuna mpelelezi anayekuja.

Fundi wa Sakina: Shikamoo mzee. Zote? Mimi nachora tingatinga, na ndiyo inayosomesha wanangu. Kila mchoro wangu una jina langu kwenye kona. Ufeki uko wapi?

Mangi wa Rau: Huyo Mjerumani ni Wolfgang Beltracchi. Alichora picha akadai ni ya 1914, kumbe kwenye tyubu ya rangi mlikuwa na nyeupe ya titani, ambayo wachoraji wa wakati ule hawakuwa nayo. 2011 akahukumiwa miaka sita.

Mzee wa Kijenge: Marahaba. Sikukutaja wewe, kijana. Tingatinga alikuwa mtu: Edward Saidi Tingatinga, wa Tunduru. Amefariki 1972, risasi ya polisi, walimdhania mwizi. Alichora miaka kama minne tu. Hizi zilizojaa madukani kazichora lini?

Fundi wa Sakina: Kwani nani kasema kazichora yeye? Edward mwenyewe aliwafundisha ndugu zake, akina Ajaba na Linda. Wao wakafundisha wengine, na 1990 wakawa na ushirika wao Dar. Tingatinga ni mtindo. Mmakonde akichonga ujamaa, kile kinyago cha watu waliopandana, utamwambia kamwibia babu yake?

Mama Vinyago: Mwambie huyo! Mtalii anaingia dukani kwangu, anataka tembo na mbuyu, analipa, anaondoka anacheka. Nani kadanganywa? Flaikecha, wale vijana wanaowafukuzia watalii mitaani, ndio wanaotuharibia, wanamwambia Mzungu "hii ya Tingatinga mwenyewe" ili wapate cha juu.

Mzee wa Kijenge: Na wewe unayewapa hicho cha juu?

Mama Vinyago: Mzee, biashara yangu huijui. Usinitafute.

Msomi wa Moshi: Tulieni. Kuiga si kughushi. Kughushi ni kudanganya nani kachora. Mholanzi Han van Meegeren, 1945, alishtakiwa kwa kumuuzia Göring, mkubwa wa Wanazi, mchoro wa Vermeer, mchoraji wao maarufu wa kale, hazina ya taifa lao. Akajitetea: ule nimeuchora mimi. Ikabidi achore mwingine mbele ya mashahidi. Kosa lake halikuwa mkono, lilikuwa jina la Vermeer.

Fundi wa Sakina: Yaani mimi nafananishwa na mtu aliyefanya biashara na Wanazi?

Msomi wa Moshi: Nakutetea, kaka! Soma tena.

Fundi wa Sakina: Nimesoma. Utetezi gani huo?

Mzee wa Kijenge: Msomi kasema ninachosema. Kuna watu hapa mjini wanatafuta hadibodi chakavu ili ionekane kazi ya zamani, wanachora chui, chini wanaandika "E. S. Tingatinga". Nimeziona kwa macho yangu. Huo ni wizi kwa marehemu na kwa wanawe, na nyinyi mafundi mnawajua mnanyamaza.

Fundi wa Sakina: Hapo kwa hao tuko pamoja. Ila ulisema "zote". Liondoe hilo neno.

Mzee wa Kijenge: Siliondoi mpaka mafundi mseme hadharani. Lete wenye jina lako nikuone. Nitaununua kwa bei yako, sipunguzi.

Binti wa Njiro: Jamani, na tamthilia yangu? Kama ulikuwa feki tangu mwanzo, mbona aliyemuuzia tajiri hakukamatwa?

Mangi wa Rau: Dada, yule ndiye maiti ya sehemu ya kwanza.