Mjadala: Sifa za kuvumbua gari apewe Karl Benz peke yake?

Spana 13: Wadau, hili linanikera. Kila mahali ni Karl Benz, hataza (hati ya uvumbuzi) ya Januari 29, 1886, magurudumu matatu, silinda moja, nguvu haifiki hata farasi mmoja. Sawa. Lakini mbia wake Ritter alipomsumbua, pesa za kumtoa zilitoka kwenye mahari ya Bertha, mke wa Benz. Agosti 1888 mama huyohuyo akaondoka na gari bila kumuaga mume, yeye na wanawe wawili, Mannheim hadi Pforzheim, hukohuko Ujerumani, kilomita 100 na ushee. Mrija wa mafuta ukaziba, akauzibua kwa pini ya kofia. Wagawane sifa.

Mzee wa Gia: Kuzibua mrija ndiyo kuvumbua? Mimi nimezibua kabureta miaka thelathini, sanamu yangu iko wapi? Na Daimler mnamwacha wapi? 1886 hiyohiyo alikuwa Cannstatt, Ujerumani hiyohiyo, na mwenzake Maybach, wanafunga injini kwenye kigari cha farasi. Tena chake magurudumu manne.

Kondakta Mstaafu: Ngoja kwanza. Mahari ya Bertha? Mahari anatoa mwanamume! Spana umeyatoa wapi haya?

Spana 13: Kwa Wajerumani wa enzi zile upande wa bibi harusi ndio uliotoa. Na zililipwa kabla ya ndoa, walioana 1872.

Kondakta Mstaafu: Basi Benz kaolewa 😂

Bint Pangani: Mnacheka, la maana mmeliruka. Breki za mbao zilipoisha, Bertha alimwambia fundi viatu apigilie ngozi. Milimani watoto walishuka kusukuma, naye aliporudi akasema gari halipandi, ikaongezwa gia. Mzee wa Gia, hilo jina lako umrudishie mwenyewe.

Mzee wa Gia: Dada, jina langu liache. Nimeuliza Daimler.

Kondakta Mstaafu: Mwanaume anayekula mahari ya mkewe hawezi kusema kitu nyumbani. Ndiyo maana gari liliondoka yeye kalala.

Bint Pangani: Wewe kaka si ndiye uliyetupitishia bakuli humu mwaka juzi kwa ajili ya mahari? Mimi nilichanga.

Kondakta Mstaafu: Ulichanga elfu tano, shemeji, usitangaze kama ng'ombe.

Mgeni Njiani: Samahani, nimechelewa. Mafuta alijaza wapi, na vituo havikuwepo?

Spana 13: Duka la dawa, Wiesloch. Alinunua ligroini, watu walikuwa wanatolea madoa ya nguo.

Mgeni Njiani: Duka la dawa! Bila cheti cha daktari?

Mzee wa Gia: DAIMLER, jamani.

Bint Pangani: Elfu kumi, Kondakta. Risiti ya muamala ninayo.