Waya wa mlingoti umekatika nyuzi mbili: nibadilishe huo mmoja au zote?

Kusi_Tanga

Wakuu, salaam. Naomba ushauri wa haraka.

Nina boti ya matanga ya faiba, futi 31, mlingoti mmoja wa alumini, ya mwaka 1979. Niliinunua miaka sita iliyopita kwa mgeni aliyekuwa anarudi kwao, na ndiyo inayotulisha nyumbani: nabeba wageni kwenda kwenye fungu na kurudi jioni, mara chache navuka hadi Pemba.

Jumapili nikiwa naiosha, kitambaa kilinasa kwenye mmoja wa nyaya za ubavuni zinazoshikilia mlingoti, upande wa kulia. Kuangalia, nyuzi mbili kati ya 19 zimekatika, pale pale waya unapoingia kwenye kichwa chake cha chini kilichobanwa kwa mashine. Kichwa chenyewe kina michirizi ya kutu ya rangi ya chai. Nyaya nyingine zinang'aa. Ni stenlesi ya milimita 6. Aliyeniuzia alisema zilibadilishwa "si zamani", karatasi hakunipa.

Fundi mmoja wa kulehemu anasema tukate pabovu, tubane upya kwa klipu tatu, nimalize nayo msimu. Mwingine anasema nibadilishe huo mmoja tu. Wiki ijayo nina wageni ambao wameshalipa. Nifanyeje? Na kama ni zote, lazima mlingoti ushushwe? Kreni huku ni shida.

Mzee_wa_Mtwapa

Ndugu yangu, warudishie wageni pesa zao leo, kisha tuzungumze.

Waya wa aina hiyo una uzi mmoja katikati, sita unaouzunguka, halafu 12 za nje. Yaani kati ya 19 kuna saba usizoweza kuziona hata kwa lenzi. Umeona mbili za nje. Za ndani zikoje, mimi na wewe hatujui.

Halafu jiulize kilichozikata. Mdomo wa kichwa ndipo waya unaoyumba unapokutana na chuma kisichoyumba. Kila wimbi linaukunja kidogo mahali palepale, miaka na miaka, mpaka uzi unachoka. Kichwa cha chini kina balaa la pili: maji ya chumvi yanateremka katikati ya nyuzi na kutuama humo. Stenlesi inajilinda kwa ngozi nyembamba inayohitaji hewa. Maji yakituama pasipo hewa, ngozi hiyo inakufa na chuma kinaliwa kwa ndani huku nje kinang'aa. Ndiyo maana nakuomba pia uvue utepe wowote uliozungushiwa vichwa na skrubu za kukazia nyaya. Watu wanaufunga ili kuzuia kutu, kumbe wanafungia maji ndani.

Nyaya zako zingine zimekula chumvi ileile kwa miaka ileile. Badilisha zote. Wengi wanahesabu miaka 10 hadi 15 kwa stenlesi, na kwenye joto letu mimi sivuki 10. Wewe sita umeziona mwenyewe, na "si zamani" ya muuzaji huwezi kuihesabu.

Klipu hapana kabisa. Waya huu ni mgumu, haukubali kukunjwa kitanzi, na klipu inaziponda nyuzi.

Binti_Omo

Kaka, naongeza kitu kilichonigharimu mlingoti mzima. Mimi nilibadilisha nyaya zote, nikajiona nimemaliza. Vile vyuma bapa vya kufungia nyaya, vinavyopita kwenye sitaha na kushikwa kwa bolti ndani ya ubavu sikuvigusa, maana juu vilikuwa vizuri. Miezi minane baadaye, upepo wa kawaida tu wa kaskazi, kimoja kikakatika usawa wa sitaha na mlingoti ukaenda baharini. Tulikuwa wanne, na namshukuru Mungu hakuna aliyeumia. Nilipokitoa kilichobaki, zaidi ya nusu ya mkato ilikuwa nyeusi, ufa wa zamani. Uliofunguka siku hiyo ulikuwa ukingo mdogo tu.

Kwa hiyo vitoe vyote. Kimoja kimoja, usilegeze viwili kwa mpigo. Safisha kwa ndimu au siki, futa, halafu tafuta karakana ya kulehemu yenye dawa ya kuonyesha nyufa. Ni makopo matatu: la kusafishia, la rangi nyekundu inayopenya, na la unga mweupe. Ukipulizia unga, ufa unajichora wenyewe kama mstari mwekundu. Angalia hasa sehemu iliyokuwa imezama ndani ya sitaha na kando ya matundu ya bolti. Ukiona ndani ya kabati la ubavuni mbao ina doa jeusi au imelainika, ujue maji yamekuwa yakipita hapo siku nyingi.

Pini na spliti zake (vile vipini vidogo vya kuzuia pini na skrubu zisifunguke) usirudishe za zamani. Ni pesa ndogo.

Jahazi_Unguja

Assalaam alaikum. Mimi ni mtu wa majahazi. Kwetu mlingoti unashikwa kwa kamba, na tukigeuza tanga tunazihamishia upande wa goshini, unakotoka upepo. Kamba ikichakaa unaiona kwa jicho na kuisikia kwa mkono. Sasa kuna kamba za Dyneema, nyuzi za plastiki zenye nguvu kuliko waya. Kwa nini ndugu yetu asiweke hizo, akaepukana na kutu?

Mzee_wa_Mtwapa

Waalaikum salaam, shekhe. Hoja yako ina uzito, na wapo wanaosafiri nazo mbali. Lakini Dyneema inarefuka polepole ikikaa na mzigo, kwa hiyo huchaguliwa nene kuliko nguvu inavyodai. Jua linaila, na inachukia kusuguana na ncha za ile mikono ya mlingoti inayotanua nyaya ubavuni. Anayejua kuisuka vizuri aiweke. Kwa boti ya abiria yenye vifaa vya waya tayari, mimi ningebaki na waya.

Kusi_Tanga

Nimewaelewa, na wageni nimeshawapigia simu. Mashine ya kubana vichwa huku sijaiona. Na kuhusu kushusha mlingoti?

Mzee_wa_Mtwapa

Mashine si lazima. Kuna vichwa vya kufunga kwa spana, Sta-Lok au Norseman: unafungua nyuzi za nje, unaingiza koni ndani, unazirudisha na kukaza. Ukikosea ukafungua, koni weka mpya.

Mlingoti unaweza kubaki umesimama. Chagua asubuhi shwari, boti ikiwa imefungwa. Kabla hujagusa kitu, chukua henza (kamba ya kupandishia tanga) iliyo huru, ifunge ubavuni upande wa waya mbovu, uikaze. Hapo ndipo mtu apande, tena kwa kamba mbili, moja ya kumvuta na moja ya kumlinda. Vua waya mmoja, pima kutoka katikati ya pini hadi katikati ya pini, tengeneza mpya, rudisha, ndipo uende wa pili. Skrubu ya kukazia iwe imefunguliwa nusu unapopima, ili ubaki na nafasi pande zote mbili.

Waya wa omo, yaani wa mbele ya boti, usiusahau. Kama una mtambo wa kukunjia tanga la mbele, umejificha ndani yake na huenda haujaonwa na mtu tangu siku ulipofungwa. Huo fanya wa mwisho, ukiwa na henza mbili zimefungwa omo.

Kusi_Tanga

Narudi baada ya wiki tano. Nyaya nane zote mpya, mlingoti haukushushwa. Waya mbovu niliukata kichwani kwa msumeno: ndani nyuzi nne zaidi zilikuwa zimeshakatika. Na ule wa kushoto, uliokuwa unang'aa bila doa, una mbili za ndani.

Binti_Omo, dada yangu, sijui nikushukuruje. Vyuma sita nimevitoa. Viwili vimejichora mstari mwekundu, kimoja ni cha nyuma kushoto, ambacho nisingekigusa kamwe. Nimechongesha vipya sita, vinene milimita moja zaidi.

Nyaya nimezikaza kwa mkono mpaka mlingoti umenyooka. Je, nikaze zaidi kabla ya kutoka?

Binti_Omo

Kidogo tu, kulia na kushoto kwa zamu, idadi sawa ya mizunguko. Kisha toka bila abiria, upepo wa kiasi. Boti ikilala, shika waya wa upande wa demani, unakoelekea upepo: ulegee kidogo, usining'inie. Waya mpya hurefuka kidogo safari za mwanzo, kwa hiyo rudia kukaza baada ya safari mbili tatu, ila usitoke hata mara moja bila spliti.