Tupeane uzoefu: utafiti wa baiolojia ukiwa bado mwanafunzi hapa Nairobi

Mwanzilishi: Taasisi za utafiti, icipe (wadudu) ya Kasarani na ILRI (mifugo) ya Kabete, kila mtu anazijua, msirudie. Semeni kazi yenyewe inafanywaje na huharibikia wapi.

MbogaTele: Lishe. Vitamini C ya sukuma wiki ya soko la Marikiti hupotea kabla hujafika maabara. Weka majani kwenye kasha la barafu, andika saa uliyonunua, uyasage ndani ya asidi ya metafosforiki, si maji matupu. Titresheni ya DCPIP (kudondosha rangi ya buluu ambayo vitamini C huipoteza, ili ujue kiasi chake) huishia pale rangi ya waridi inapodumu kama sekunde 15. Usipochuja vizuri, ukijani utaificha na utapitiliza. DCPIP huchakaa, kwa hiyo ipime kila siku kwa asidi askobiki (ndiyo vitamini C) ya kiwango unachokijua. Unyevu upimie sampuli nyingine: oveni ya nyuzi 105 mpaka uzito usibadilike. Wengine hutoa majani hayohayo ovenini wakayapima vitamini! Joto limeshaiharibu, hapo unapima nini?

JaniKavu: Hebaria ya Afrika Mashariki, yaani hazina ya mimea iliyokaushwa, iko pale Makumbusho ya Taifa (ilianzia Amani, Tanzania, 1902). Ukipeleka tawi bila ua wala tunda, usitegemee litambuliwe. Kandamiza mmea siku hiyohiyo, geuza jani moja upande wa chini uonekane, badilisha magazeti kila siku wiki ya kwanza. Ukilaza kwenye mfuko wa plastiki, majani huwa meusi na kuota ukungu. Rangi ya ua, urefu wa mmea na mahali viandikwe palepale, kwa penseli, maana wino hutiririka ukilowa.

Mwanzilishi: Na wanaohoji watu?

KibaliKwanza: Hata kumuuliza mama wa Kibera mtoto alikula nini jana ni utafiti wa binadamu. Barua ya kamati ya maadili hutangulia, ndipo leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Kamati huuliza maswali na kurudisha fomu, basi usipange kuanza wiki ijayo. Huko nyanjani beba vikombe na mabakuli ya ujazo unaojulikana. "Sahani moja" ya ugali si kipimo. Tena usihoji Jumatatu peke yake: utakusanya chapati na nyama za Jumapili.

JaniKavu: Na uji ulizwe kando. Wengi huuhesabu kinywaji, hawautaji wakiulizwa chakula.