Mrejesho: Corolla 110 iliyokuwa inazima kwenye foleni

Wakuu nimerudi, mimi ndo yule wa Corolla 110 injini 5A, ilikuwa ikishapata moto tu sailensa (mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta) inapanda inashuka halafu inazima kwenye foleni. Fundi alishanibadilishia plagi na pampu ya mafuta, hela imeenda tatizo liko palepale. Jumamosi nikafungua throto bodi (pale hewa inapoingilia kwenye injini) mwenyewe, aisee masizi kama sufuria ya kuni, nikapiga dawa ya kabureta na mswaki wa zamani mpaka vavu ya sailensa ikaanza kucheza. Kuwasha bado inatetema, kumbe kuna kampira ka hewa kamepasuka huko nyuma, ukikaziba na kidole injini inatulia kabisa. Kampira kapya buku tatu tu! Leo siku ya nne haijazima, ila AC sijaiwasha bado naogopa.