Je, bima hulipia paa lililoharibiwa na theluji?

Swali: Ndugu, paa letu la miaka 18 linavuja tangu barafu iliyoganda ukingoni izuie maji ya theluji kushuka, na dari ya chumba cha watoto imeingia doa la kahawia. Je, bima italipia paa jipya?

Jibu: Pole sana. Kwa kawaida bima hulipia madhara ya ghafla, si uchakavu. Tena mkataba ukisema fidia ni kwa thamani ya sasa, watakata uchakavu wa miaka yote hiyo, na gharama iliyobaki itakuangukia wewe.

Jibu: Piga picha leo, kabla fundi hajagusa kitu. Barafu hiyo mara nyingi hutokana na joto la nyumba linalopenya darini na kuyeyusha theluji, hivyo, picha zikishapigwa, zibeni kwanza mianya inayopitisha joto hilo.