Valvu ya mvuke inchi 2: kuifungua ikiwa kwenye bomba au kuing'oa kwenda karakana?

Fundi_Alizeti:
Wakuu, habari za kazi. Niko kiwanda cha mafuta ya alizeti, Singida. Tuna valvu ya kudhibiti mvuke wa bar 10 unaoingia kwenye jiko la kupashia mbegu. Ni ya inchi 2, imefungwa kwa flenji, aktueta (sehemu inayoiendesha kwa hewa) ni ya diaframu na springi yake inaifunga valvu hewa ikikatika. Ina shida mbili kwa pamoja: mvuke unatoka kwenye pakingi inayoziba kuzunguka stemu (fimbo ya valvu), na hata ikifungwa kabisa jiko linaendelea kupata moto. Jumamosi laini hiyo inasimama, lakini boila halizimwi kwa sababu upande wa kusafisha mafuta unaendelea. Msimamizi anataka tuing'oe nzima. Mimi naona tufungue boneti, yaani kifuniko cha juu cha valvu, pale pale. Ipi ina faida?

MzeeWaBoila:
Fungua pale pale, kijana. Valvu za aina hiyo zimeundwa ili kila kitu kitokee juu: boneti, kizibo, keji inayokizunguka, na siti (kikalio cha kizibo) kama ni ya kubanwa na keji. Bodi ikiwa nzima, ya nini kuigusa? Ukiing'oa unafungua flenji mbili zenye boliti zilizokaa kwenye joto miaka, unahitaji gasketi mbili zaidi, na bomba likiwa na mvutano litaachana, nawe utahangaika kulirudisha. Kazi ya saa nne inakuwa ya siku nzima.

Zuhura_Ala:
Shikamoo mzee. Nakubali kuhusu pakingi, ila kuhusu kupitisha mvuke sikubali moja kwa moja. Siti ikiwa ya kukaza kwa nyuzi, kuifungua ndani ya bomba bila kifaa chake ni mateso, na ukiisaga pale huna namna ya kujua imekaa. Karakana unaipima kwa hewa kwenye benchi. Valvu nyingi za siti ya chuma ni daraja la IV la upitishaji, yaani zinaruhusiwa kupitisha hadi asilimia 0.01 ya uwezo wake, kwa hiyo upitishaji kidogo si ugonjwa. Lakini jiko kuendelea kupata moto ni zaidi ya hapo.

Halafu, Fundi, kabla ya kufungua chochote hakikisha valvu inafunga kweli. Kata hewa uangalie mshale kwenye skeli ya stemu. Ukiishia milimita mbili tatu kabla ya sifuri, huenda siti ni nzima na tatizo ni kiungio cha stemu kilichohama au posishona (kifaa kinachoipa aktueta hewa kulingana na ishara ya umeme) iliyopoteza kalibresheni. Nimeona watu wakisaga siti isiyo na kosa.

Fundi_Alizeti:
Marahaba kwa niaba ya mzee, dada 🙂 Mshale unafika sifuri, nimeuangalia leo. Siti ni ya kubanwa na keji kwa mujibu wa mchoro.

Nyundo_Kimya:
Mnabishana juu ya karakana wakati swali la kwanza ni boila linalobaki na presha. Mkuu, una valvu ngapi za kukatia mvuke kabla ya hiyo? Kama ni moja tu nayo inapitisha, basi njia zote mbili ni hatari sawa. Boneti ikiachia ukiwa umeinama juu yake, mvuke wa bar 10 una nyuzi 184.

Nataka kuona valvu mbili zimefungwa, koki kati yake imefunguliwa na haitoi kitu, kufuli na tagi juu ya kila moja, na funguo mfukoni mwa anayefanya kazi. Toa maji na presha pande zote mbili za valvu, siyo upande mmoja. Ukilegeza nati za boneti, rudisha kila moja kama milimita 3 tu, usitoe hata moja. Tikisa boneti hadi gasketi iachie. Ukisikia mluzi, simama. Nati bado zimeshika, hakuna kitakachoruka.

Fundi_Alizeti:
Valvu ya kukatia ni moja tu, mkuu, na koki ya kutoa maji ipo chini yake.

Nyundo_Kimya:
Basi mwambie msimamizi boila lizimwe saa hizo, au hedi, yaani bomba kuu la mvuke, ifungwe karibu zaidi na boila. Hapo usikubali kubembelezwa.

Zuhura_Ala:
Naunga mkono. Likishakubaliwa hilo, napendekeza njia ya kati: bodi ibaki kwenye bomba, kizibo, keji na siti viende karakana. Chapa alama kwenye kiungio cha stemu kwanza. Kwa kuwa springi inafunga, peleka hewa kidogo kwenye aktueta kizibo kiinuke kutoka kwenye siti ndipo ulegeze kiungio, kisha toa hewa yote na uifungie isirudi. Ukizungusha stemu kizibo kikiwa kimekandamiza siti unakwangua nyuso zote mbili. Legeza nati za pakingi kabla ya kuvuta, na boneti ikipanda angalia keji isije ikang'ang'ania ikapanda nayo na kudondoka. Ziba mdomo wa bodi mara moja.

Keisi ya aktueta usiifungue kama diaframu haivuji. Springi ndani imebanwa.

MzeeWaBoila:
Hiyo ya kati naikubali. Gasketi za boneti na siti ziwe mpya, usirudishe za zamani hata zikionekana safi.

Fundi_Alizeti:
Na pakingi? Stoo kuna za tefloni na za grafiti.

MzeeWaBoila:
Grafiti, kwa mvuke.

Zuhura_Ala:
Hapo natofautiana nawe, mzee wangu. Tefloni inastahimili hadi takriban nyuzi 230, na mvuke wake ni 184 kama haujapashwa zaidi. Grafiti inakaza stemu, na aktueta ndogo itaanza kukwama na kuruka, joto la jiko lipande na kushuka. Ukilazimika kuiweka, kaza kidogo, endesha valvu mara kadhaa, kaza tena. Vyovyote vile, kabla ya kufungulia mvuke ipe valvu ishara ya miliampia 4, 12 na 20 (imefungwa, nusu, wazi kabisa) uone stemu inafika sehemu yake bila kusita. Na ukitoa kizibo, kipige picha uiweke hapa tuone kama ni cha kusagwa au cha kubadilishwa.