Khalati alitibiwa asidi kumbe ni moyo: je, wanawake hupimwa tofauti?

Mkaazi wa Langoni, Lamu
Assalaam alaykum. Khalati yangu, mwenye umri wa miaka 58 na anayeugua sukari, alianza kuchoka kupita kiasi, akawa na kichefuchefu na maumivu yanayopanda kutoka mgongoni hadi kwenye taya. Kituo alichokwenda kwanza walimpa dawa ya asidi na kumwambia apunguze mawazo. Hali ilipozidi tulimvusha kwa boti hadi Mokowe, tukampeleka Mombasa kwa gari, na huko kipimo cha umeme wa moyo kikaonyesha kuwa alikuwa amepata mshtuko wa moyo. Mumewe alipobanwa na kifua mwaka juzi, kituo kile kile kilimpima moyo papo hapo. Je, moyo wa mwanamke huugua kwa namna nyingine, au ni sisi tunaosikilizwa kwa namna nyingine?

Muuguzi, Malindi
Wa alaykum ssalaam. Pole sana, dada. Yote mawili ni kweli. Kifua kubana ndiyo dalili kuu kwa wanawake pia, na ni hatari kudhani vingine. Lakini kwao mara nyingi zaidi huandamana na uchovu, pumzi kukatika, kichefuchefu na maumivu ya mgongo au taya, na wakati mwingine dalili hizo huja bila kifua kuuma kabisa, hasa kwa mwenye sukari. Tena kuna wanawake ambao picha huonyesha mishipa mikubwa ya moyo iko wazi, ilhali midogo ndiyo inayoshindwa kupitisha damu, wakarudishwa nyumbani wakiambiwa wako salama. Hata troponini, protini inayovuja kwenye damu moyo unapoumia, ina mipaka miwili: katika kipimo kimoja kinachotumika sana, mwanamke hutiliwa shaka ikipita nanogramu 16 kwa lita, na mwanamume 34. Penye mpaka mmoja wa wote, baadhi ya wanawake hupitwa.

Mfamasia, Lamu
Niongeze kuhusu chanzo. Utafiti mashuhuri wa aspirini na moyo uliofanywa Marekani, ambao ripoti yake ya mwisho ilichapishwa mwaka 1989, ulihusisha madaktari 22,071, na wote walikuwa wanaume. Mwaka 1991 daktari wa moyo Bernadine Healy alilalamika kwa maandishi kwamba mwanamke hutibiwa sawa na mwanamume pale tu anapothibitisha kuwa ameugua kama yeye. Maarifa tuliyorithi vitabuni yalitokana kwa sehemu kubwa na miili ya wanaume, na naona jambo hilo linauma, kwa sababu gharama yake inalipwa na akina mama zetu.

Mama wa watoto watatu, Malindi
Mimi nilipata presha kali ya mimba, na baada ya kujifungua hakuna aliyenieleza kwamba historia hiyo huongeza hatari ya ugonjwa wa moyo miaka ya mbele. Tafadhali muulizeni khalati kuhusu mimba zake, kisha daktari ajulishwe.

Mkaazi wa Langoni, Lamu
Ahsanteni. Ni kweli, alipata presha katika mimba ya mwisho. Na dawa, je, ni zile zile?

Muuguzi, Malindi
Kwa kiasi kikubwa ni zile zile: aspirini, dawa za kushusha kolesteroli na za presha. Tatizo ni kwamba wanawake huandikiwa dawa za kolesteroli mara chache zaidi kuliko wanaume, na huelekezwa mara chache zaidi kwenye mazoezi ya kuurejeshea moyo nguvu. Akirudi kliniki, ayaulizie yote mawili kwa jina, na nyinyi mwandamane naye.